Mgeni Asiye na Harufu

Amini utakavyo, mimi nilikuwepo. Sikusimuliwa na shangazi wala sikuota. Nilikuwa mwanamke mzima, mtumishi wa serikali, sina homa, na jua lilikuwa bado linawaka. Hilo la jua naomba ulishike, maana watu wakinisikia huanza kucheka: "Ah, usiku kila kichaka ni mtu." Haukuwa usiku. Ilikuwa alasiri, Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, miaka ile watu walipokuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Yupo mwanamume mmoja kule ambaye bado yu hai na alikuwepo. Ukimuuliza atakwambia hakuona kitu, na hasemi uongo. Utaona mwenyewe kwa nini.

Kwanza nikueleze ugonjwa wangu. Mimi ni mtu wa Pangani, na ugonjwa wangu ni manukato. Wanawake wa kwetu wote hujipaka, hilo si jambo. Mimi nilikuwa nayakusanya. Nilikuwa na mkebe wa bati wa biskuti, ndani nimepanga vichupa nimevizungushia pamba visigongane: mafuta ya waridi niliyopewa na bibi yangu, miski, ambari, asumini, udi wa harusi ya dada yangu, na pafyumu moja ya Kizungu niliyoachiwa na mke wa ofisa mmoja Mwingereza waliporudi kwao. Jioni nilikuwa nikivifungua kimoja kimoja, nanusa, nafunga. Wengine husali, wengine hushona. Mimi nilinusa.

Lakini nikwambie kweli, ungeniuliza wakati ule naipenda ipi, ningekutajia ile ambayo wageni waliisifu. Waridi nililipenda kwa sababu bibi alilipenda. Miski kwa sababu muuzaji aliapa kwamba ni ya kweli. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na mkebe mzima na bado asiwe na chake.

Nikapangiwa kazi Mbinga, milimani, niwe Bibi Maendeleo. Kazi yetu ilikuwa kufundisha kina mama lishe, usafi, ushonaji. Ewe, baridi ya Mbinga! Siku za kwanza mafuta ya waridi yaliganda kwenye chupa kama samli. Udi ambao Pangani hujaza nyumba mpaka uani, kule juu ulikaa kimya, ukajificha kwenye sweta. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Asubuhi nikaingia ofisini, na karani wetu, Mama Otilia, Mmatengo mwenye shamba la kahawa, akainua kichwa akaniuliza kwa huruma kabisa:

"Dada, pole. Umefiwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nasikia ubani. Nimedhani unatoka kwenye misa ya wafu."

Kwangu ilikuwa harusi, kwake ilikuwa jeneza. Nilicheka, lakini siku nzima nilijinusa nikijiuliza, hivi nani kati yetu ananusa sawasawa?

Kisha mvua za kwanza zikaja na Mama Otilia akanipeleka shambani kwake. Kahawa ilikuwa imechanua, mlima wote mweupe, na harufu ilikuwa imesimama juu ya ngolo, mashimo wanayochimba mteremkoni ili walime mahindi, kama mtu aliyesimama mlangoni. Ilikuwa asumini na si asumini. Ilikuwa na uchungu kidogo ndani yake, kama maganda ya chungwa. Nilichuma maua nikayaloweka kwenye mafuta ya nazi, nikayafunika, nikasubiri. Yakaoza. Lakini tangu siku ile vichupa vyangu vilianza kunichosha. Nikinusa miski naona ni kelele. Nikinusa ambari naona ni mtu anayejisifu. Nikawa sijui tena ninachopenda, na kwa mtu wa ugonjwa kama wangu hilo si jambo dogo. Nilikuwa mtupu. Kumbuka neno hilo, maana nadhani ndilo lililoniponza, ingawa mpaka leo sina hakika.

Ndipo nikatumwa Ngumbo kufundisha kina mama wa kijiji kipya habari za uji wa watoto. Landrova ya ofisi ilinifikisha ilipoweza, kilichobaki nikatembea, mkebe wangu ukiwa juu ya sanduku la nguo. Nilipangiwa kukaa kwa mjane mmoja, Mama Kolastika. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, mchapakazi, rozari shingoni, mikono imekauka kwa moshi wa samaki. Alikuwa anaishi na mwanawe Gaudens, kijana mkubwa, mvuvi, mtu wa maneno machache.

Jioni ya kwanza, tunakula ugali na dagaa, Mama Kolastika aliniambia habari za binti yake Bernadeta. Alipanda mtumbwi na wenzake kwenda harusini Mbamba Bay. Upepo ukachafuka. Mtumbwi ulipatikana, watu hawakupatikana.

"Hata kaburi sina," alisema. "Nikitaka kumlilia sijui nigeukie wapi."

Gaudens aliacha kula, akanawa, akatoka nje. Niliona Mama Kolastika hakumtazama anapotoka.

Sasa sikiliza. Siku ya pili yake, alasiri, kina mama walikuwa kwenye shamba la kijiji, Gaudens yuko ziwani. Nilibaki peke yangu chumbani, mlango wazi, naandaa somo. Nikachoka. Nikafungua mkebe, nikavipanga vichupa juu ya mkeka, nikajiambia leo nitavinusa kama mgeni, nijue ukweli.

Nikasikia hodi.

"Karibu," nikasema.

Akaingia mwanamke. Kitenge kimepauka, kitambaa kichwani, miguu mitupu. Nikashindwa kukadiria umri wake. Akigeukia mlango namwona rika langu. Akigeukia ukuta namwona bibi wa kuamkiwa. Nikaamua kutoa shikamoo nisije nikakosa adabu. Hakuitikia marahaba. Alisema:

"Nimesikia una vichupa."

Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini hakikuwa cha Pwani, wala hakikuwa cha watu wa pale ziwani. Hakikuwa cha mahali. Akaketi mkekani, karibu nami, goti kwa goti.

Na hapo ndipo nilipohisi kitu hakiko sawa. Mtu wa ugonjwa wangu humnusa mtu kabla hajamtazama. Si kwa dharau, ni mazoea. Kila binadamu ananuka kitu: sabuni, jasho, maziwa, moshi, hofu. Hata mtoto mchanga, hata mgonjwa. Nyumba ile yote ilinuka samaki wa kubanika na muhogo wa kuloweka. Lakini pale alipoketi mgeni palikuwa patupu. Niamini, nilisogeza uso karibu na bega lake nikijifanya naokota pamba, na harufu ya nyumba ilikatika kama umefunga mlango.

"Nionyeshe," alisema.

Nikampa waridi. Akanusa. "Ya bibi yako."

Nikampa miski. "Hii uliambiwa ni nzuri."

Nikampa udi. "Harusi ya dada yako. Ulijifungia chooni ukalia, wakadhani ni furaha."

Nilikuwa sijamwambia mtu jambo lile. Mtu hata mmoja. Ungefanya nini wewe? Ungepiga kelele? Mimi nilimpa chupa nyingine. Mkono ulikwenda wenyewe. Akainusa ile ya Kizungu, akasema, "Ya mwanamke aliyekuwa na haraka ya kuondoka," akairudisha. Alipomaliza zote aliniuliza:

"Yako ipi?"

"Zote zangu."

"Sikuulizi ulizonazo. Nauliza yako."

Nikaishika ambari, iliyokuwa inasifiwa zaidi. "Hii."

"Siyo," alisema, bila hasira, kama mwalimu anayesahihisha hesabu. Kisha akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akanusa kifundo changu. Mkono wake haukuwa wa baridi wala wa moto. Akanusa muda mrefu.

"Hapa pako wazi," alisema. "Nitapatumia."

Akasugua pale kwa kidole gumba, mara moja. Akainuka. Mlangoni aligeuka akasema atarudi. Nilitaka kuuliza, kutumia vipi, kwa ajili gani, lakini alikuwa amekwishatoka. Nilipopata nguvu ya kutoka nje, uwanja ulikuwa na kuku tu.

Nikarudi ndani nikafungua waridi. Hakuna kitu. Udi, hakuna. Ambari, maji. Mafuta yalikuwemo, rangi ile ile, lakini nilikuwa kama nanusa glasi. Nikadhani pua yangu imekufa. Nikakimbilia kwenye vichanja vya samaki, nikapokea harufu yote usoni, nusura nitapike. Pua ilikuwa nzima. Nikanusa kifundo cha mkono. Hakuna kitu.

Sikupata nafasi ya kufikiri. Mama Kolastika alirudi na jembe begani, akaingia, akasimama. Jembe likaanguka.

"Nani alikuwa humu?"

"Mwanamke mmoja, Mama. Simjui."

Hakunisikiliza. Alikuja kwangu kama mtu anayetembea gizani, uso mbele, akaushika mkono wangu wa kushoto, akazamisha pua yake.

"Berna," alisema. "Ee Mungu wangu. Berna."

"Mama, mimi sisikii kitu."

"Husikii? Majani ya mkaratusi. Alikuwa anayatia kwenye nguo zake. Na ile sabuni. Na hapa, chini yake, hapa, jasho la kichwa chake alipokuwa mdogo, nikimbeba." Alilia bila sauti, machozi yakanilowesha mpaka kwenye kiwiko, na mimi nikanusa mkono wangu uliolowa nikasikia chumvi tu. Chumvi na moshi wa mikono yake.

Hakuniachia mpaka nilipolala.

Asubuhi habari ilikuwa imeenea. Jirani wa kwanza alikuja kuazima moto, akaombwa anuse. Yeye hakusikia mkaratusi. Alisikia mama yake, tumbaku ya kunusa na unga wa muhogo, akakaa chini uwanjani akatabasamu kama mlevi. Akaja wa pili, akamsikia mtoto wake. Kila mtu wake! Mkono ni mmoja, ngozi ni ile ile, na kila pua inapata maiti yake. Nielezee wewe uliyesoma, maana mimi nilishindwa.

Mkuu wa shule, Mwalimu Tasilo, mtu wa Kigonsera aliyelelewa na mapadri, alifika amekunja uso. "Bibi Maendeleo," alisema, "serikali imekutuma kufundisha lishe, wewe unaleta ushirikina?" Nikamwambia, mwalimu, sikuleta kitu, nusa mwenyewe unisaidie. Alinusa kwa dharau. Kisha akavua miwani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba yangu amefikaje hapa?" Hakurudi shuleni siku ile.

Kuna mama mmoja alinusa mara nyingi, kulia, kushoto, hakupata kitu. Mume wake alikwenda migodini huko kusini, miaka mingi bila habari, na alikwishamfanyia matanga.

"Mbona mimi sipati?" aliniuliza.

Nikamwambia, kwa kutaka kumfariji, "Labda yu hai."

Alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. "Yu hai, na hajanitafuta?" Akafunga kitenge chake vizuri akaondoka. Nikajifunza kunyamaza.

Mchana mwenyekiti wa kijiji alikuja akifoka. Shamba la ujamaa halina mtu, mahindi yanaliwa na nyani, ataniripoti wilayani. Alifoka mpaka akachoka. Watu waliokuwa wamekaa uwanjani hawakumjibu, hawakumwona. Akatazama huku na huku, akainama kwangu. "Hebu na mimi kidogo." Naye akakaa.

Nakuomba uone picha ile. Uwanja umejaa watu wazima wamekaa vumbini, wananitazama mkono. Hawapiki. Watoto wanalia njaa, hakuna anayegeuka. Nilinawa kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu, mpaka ngozi ikachubuka. Wakasema harufu imezidi. Na mimi, katikati yao, mwenye mkono wenyewe, sisikii kitu. Nilianza kuwaonea wivu. Kisha nikaogopa ule wivu.

Nilimwambia Mama Kolastika kwamba nitarudi Mbinga kabla ya siku zangu. Alinitazama kwa upole.

"Uende wapi? Wewe ni mwanangu."

"Mama, mwanao Gaudens yuko ziwani, atarudi na njaa. Tumpikie."

"Nani?" aliuliza.

Naapa, alisema nani.

Alasiri, muda ule ule aliokuja mgeni, Mama Kolastika aliinua uso kama mbwa anayesikia mluzi. "Inatoka kule sasa," alisema. Akanishika kifundo, akaanza kutembea kuelekea ziwani. Nguvu zake hazikuwa za mwanamke wa umri ule. Wale wengine uwanjani wakainuka mmoja mmoja, wakatufuata kwa mbali, polepole.

Ziwa lilikuwa limetulia, kama sahani. Na ndani ya maji, maji yakiwa kiunoni, alisimama yule mgeni. Kitenge chake hakikuwa kimelowa. Nilimwona kama ninavyokuona wewe.

"Berna, nakuja," alisema Mama Kolastika.

"Mama, huyo si Bernadeta! Ni yule mwanamke!"

Mgeni hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akasema, "Mlete," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuagiza umletee kiti.

Na unajua kilichonichanganya kuliko vyote? Sikuona ubaya. Miguu yangu iliingia majini bila kusita. Maji yalikuwa vuguvugu. Nikafikiri, nikifika kwake labda na mimi nitasikia. Labda harufu hiyo ndiyo aliyokuwa ananiuliza jana. Maji yakafika mapajani, yakafika tumboni.

Nikasikia kelele upande wa kulia. Gaudens alikuwa ameleta mtumbwi ufukweni. Aliacha kila kitu akaja anarusha maji, akamkumbata mama yake kiunoni akamvuta nyuma. Mama akampiga kofi. Akampiga tena. Mkono wake mwingine ulikuwa bado umening'ang'ania, kucha zimezama.

"Mama, kuna nini huko? Hakuna mtu! Hakuna mtu kule!"

"Dada yako!"

"Mama, mimi niko hapa! Mimi! Tangu afe hujaniangalia, mimi niko hapa!"

Alilia kama mtoto, mwanamume mkubwa yule. Na mama yake hakumsikia. Masikio yake yalikuwa yamefungwa, macho yamefungwa, kilichobaki wazi ni pua tu. Sijui nani aliniambia nifanye nilichofanya. Niliushika ule uso wa Mama Kolastika kwa mkono wangu wa kulia, nikaugandamiza kwenye kifua cha Gaudens, kwenye shati lake, nikapiga kelele:

"Nusa! Mnuse huyu! Huyu yu hai, mnuse!"

Alipigana. Nikazidi kumgandamiza. Na kwa kuwa tulikuwa tumebanana watatu, mimi pia nikanusa. Shati lile! Dagaa walioanza kuharibika, jasho la tangu alfajiri, moshi, nyavu zilizolowa zikakauka zikalowa tena. Harufu kali, mbaya, nzito, ya mtu aliyefanya kazi siku nzima ili wengine wale. Nilivuta pumzi na machozi yakanitoka. Kwangu mimi, binti wa waridi na asumini, lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kunusa, na sikuambiwa na mtu.

Mama Kolastika aliacha kupigana. Nilisikia pumzi yake ikiingia, ndefu. Ikatoka. Ikaingia tena.

"Unanuka," alimwambia mwanawe.

"Ndiyo, Mama."

"Hujaoga."

"Sijaoga, Mama."

Vidole vyake vikaniachia. Nilipogeuka, ziwa lilikuwa tupu. Watu waliosimama ufukweni walikuwa wanatazamana kwa haya, kama watu walioamshwa ugenini. Mwenyekiti alikohoa, akasema nyani watamaliza mahindi, wakatawanyika.

Siku iliyofuata, kabla hatujapata chai, Mama Kolastika alinifungia muhogo wa kuchoma na samaki wawili wakavu kwenye jani la mgomba. Hakusogea karibu nami. Aliviweka kizingitini.

"Nenda, mwanangu. Sina kinyongo. Ila usirudi. Nikikuona nitakuomba mkono, na nikikuomba utanipa."

Gaudens alinisindikiza mpaka barabarani. Njiani nilimwuliza kama kweli hakumwona mtu majini. Akasema alituona mimi na mama yake tunazama, basi. Nikanyoosha mkono wa kushoto nikamwambia, hebu nusa, uniambie. Alitikisa kichwa. "Dada yangu namkumbuka," alisema. "Inatosha." Akageuka akarudi.

Hiyo ni miaka mingi sasa. Harufu ya vichupa vile haikurudi. Nilivimwaga nyuma ya ofisi Mbinga, na Mama Otilia akauliza ni maji ya nini. Nilianza kukusanya upya, polepole, na safari hii simwulizi mtu. Napenda vitu vichungu, vya moshi, vya magome ya miti. Napenda maua ya kahawa siku ya kwanza tu, siku ya pili siyataki. Wanawake wenzangu hukunja pua wakiingia kwangu. Waache. Sasa hivi ukiniuliza yangu ni ipi, nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Ningejua kujibu siku ile, angenishika mkono? Au angetafuta pengine pa kunishika? Sijui.

Lakini mkono haujapona. Kwenye foleni ya posta, kwenye basi, kliniki, mtu nisiyemjua husimama ghafla, akageuka, akatafuta kwa pua. Mara moja Songea mzee mmoja alinishika akaniita jina la mke wake mbele ya watu, nikambembeleza kama ninayembembeleza mtoto mpaka akaniachia. Navaa mikono mirefu hata wakati wa joto. Na mama yangu alipofariki Pangani, baada ya kuzika, nilijifungia chumbani kwake, nikakunja mkono wa gauni, nikakiweka kifundo puani. Nikasubiri mpaka wakaja kugonga mlango. Niliwahi kuwapa wageni wazazi wao, watoto wao, waume zao. Mama yangu mwenyewe sikumpata.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayenisikiliza, hasa wewe unayependa vichupa. Kabla hujamkaribisha mtu aketi mkekani kwako, vuta pumzi. Akinuka jasho, mkaribishe. Akinuka samaki, mkaribishe, mpe na maji ya kunawa. Lakini ukivuta pumzi usisikie kitu chochote, mwambie wenyewe hawapo, na mikono yako uifiche nyuma.